Siku 84 Zimeisha: Kazi ya Kutwa, Siku Tatu, Nusu Siku au Chapati za Nyumbani?

Mshahara wa shilingi 400,000 si nusu ya mshahara wa 800,000. Kwenye mkataba ni nusu, mkononi ni zaidi. Niliyagundua haya usiku mmoja mtoto wangu wa pili akiwa na wiki kumi, likizo ya uzazi inaelekea ukingoni, nimekaa na daftari na kalamu ya risasi nikijaribu kuamua nirudi kazini vipi.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwenye 800,000, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 10, yaani 80,000. Kodi ya mshahara inapigwa kwenye 720,000 iliyobaki: 270,000 ya kwanza haina kodi, 250,000 inayofuata ni asilimia 8, na 200,000 ya juu yake ni asilimia 20. Kodi yote ni 60,000, unaondoka na 660,000. Kazi ikipunguzwa hadi nusu, mshahara unakuwa 400,000. NSSF inachukua 40,000, kodi inaporomoka hadi 7,200, unaondoka na 352,800. Nusu ya 660,000 ni 330,000. Hiyo 22,800 ya ziada ni TRA, mamlaka ya kodi, imekuchangia pempasi bila kujua.

(Kama ulisoma kwa mkopo wa bodi ya elimu ya juu, toa tena asilimia 15 ya mshahara kwenye kila mfano utakaouona hapa. Pole.)

Kati ya njia nne ninazozilinganisha, tatu nimezipita mwenyewe. Mtoto wa kwanza alipozaliwa niliacha kazi nikapika chapati. Wa pili nilirudi kwa siku tatu kwa wiki, miezi mitano, kisha nikarejea kutwa. Nusu siku sikuifanya mimi, aliifanya shoga yangu wa ofisi hiyo hiyo, dawati la pili kutoka langu, kwa hiyo niliiona kila siku. Naishi Tabata, Dar es Salaam, ofisi iko Kariakoo, tunafanya kazi siku sita kwa wiki. Bei ni za mtaani kwetu. Wewe weka zako.

Kabla ya hesabu, zivute siku

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi kwa mshahara, na siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Unaruhusiwa kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, na wengi wetu tunaianza hapo kwa uchovu. Matokeo yake unarudi kazini mtoto ana wiki nane. Kama afya inaruhusu na daktari hana neno, kila wiki unayochelewa kuianza ni wiki ya kukaa na mtoto baadaye.

Halafu kuna likizo ya mwaka, siku 28. Usiile mwezi Machi kwenda harusini kijijini kama unajua utajifungua Agosti. Iunganishe. Siku 84 na 28 ni wiki 16, na kati ya mtoto wa wiki nane na mtoto wa wiki kumi na sita kuna tofauti ambayo mwenye kulea anaijua.

Jambo la tatu ni saa za kunyonyesha. Sheria inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa jumla kwa siku. Kwa mama wa Tabata anayefanya kazi Kariakoo, kwenda kunyonyesha na kurudi mchana ni hadithi: saa mbili zitaishia Buguruni kwenye foleni. Mimi niliomba nizitumie mwisho wa siku, nikawa natoka saa tisa badala ya saa kumi na moja. Bosi alikubali kwa mdomo. Nikamwandikia barua pepe fupi: "Asante kwa kunikubalia kutoka saa tisa kuanzia Jumatatu." Ile barua iliniokoa alipokuja msimamizi mpya asiyejua chochote.

Ukiziweka hizo saa mbili kichwani, kurudi kutwa kunakuwa kitu kingine. Ni saa saba kwa mshahara kamili. Wengi wanakimbilia kuomba nusu kazi kwa nusu mshahara kabla hawajazidai saa zilizo zao tayari.

Kazi inakula kiasi gani?

Kurudi kutwa kunamaanisha dada wa kazi anayelala nyumbani. Kwetu tulimpa 100,000, na chakula, sabuni na vocha zake havikupungua 60,000. (Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri na 120,000 kwa asiyelala. Mtu anayekaa na mtoto wa miezi minne kutwa nzima umlipe kima cha chini, kisha ushangae akiondoka bila kuaga?) Nauli: daladala 700 kwenda na 700 kurudi, boda 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, jumla 3,400 kwa siku, mara siku 26 za kazi kwa mwezi ni 88,400. Sahani ya mama ntilie 3,000, mara 26 ni 78,000. Michango ya ofisini, misiba, harusi na keki ya mtu anayehama idara, weka 30,000. Jumla 356,400.

Siku tatu kwa wiki ni siku 13 kwa mwezi. Hapo dada wa kulala ni anasa. Nilimpata mama mmoja wa jirani aliyekuja kwa 6,000 kwa siku nilizotoka tu: 78,000. Nauli 44,200, chakula 39,000. Michango haikupungua hata senti, kwa sababu msiba haujui kama wewe ni wa siku tatu. Jumla 191,200.

Nusu siku ina ujanja wake. Mtu wa kushika mtoto asubuhi alikubali 4,000, mara 26 ni 104,000. Chakula cha mchana unakuja kula kwako. Lakini nauli inabaki 88,400 kamili, kwa sababu konda hana nauli ya nusu siku. Pamoja na michango ni 222,400.

Chapati nitazieleza chini. Kwanza meza yote:

| Njia | Mkononi | Inayoliwa na kazi | Inayobaki | Inayoingia NSSF, yako na ya mwajiri |
|---|---|---|---|---|
| Kutwa | 660,000 | 356,400 | 303,600 | 160,000 |
| Siku tatu kwa wiki | 352,800 | 191,200 | 161,600 | 80,000 |
| Nusu siku kila siku | 352,800 | 222,400 | 130,400 | 80,000 |
| Chapati nyumbani | 109,200 | 0 | 109,200 | 0 |

Safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Hiyo hela huioni mwezi huu, ila ni yako. Na ina kazi nyingine ya karibu zaidi kuliko uzee: fao la uzazi la NSSF linamtaka mwanachama awe amechangia miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Kama unapanga mtoto mwingine baada ya miaka mitatu na ukaacha kazi leo, utafika wodini huna fao. Na anayeandika barua ya kuacha kazi mwenyewe asitegemee fao la kukosa ajira. Hilo si la aliyeondoka kwa hiari yake.

Siku tatu dhidi ya nusu siku

Kwa pesa, siku tatu zinashinda kwa 31,200. Kwa maziwa, nusu siku inashinda. Shoga yangu alikuwa anatoka saa sita na nusu, barabara nyeupe, saa saba na nusu mtoto yuko titini. Mimi siku zangu tatu nilikuwa nakamua maziwa kwenye stoo ya karatasi, mlango umeegeshwa kwa boksi la risiti, mara mbili kwa siku, chupa naifunga kwenye mfuko wa barafu na jioni naikimbiza kwenye friji. Kwa joto la Dar, maziwa yaliyokamuliwa hayasubiri. Siku umeme ulipokatika nyumbani kuanzia asubuhi, nilimwaga chupa mbili sinki nikalia kama nimeibiwa.

Hata hivyo, ukiniuliza, nitakwambia chagua siku tatu, na sababu yangu si ile 31,200.

Nusu siku huliwa kidogo kidogo. Wiki ya kwanza shoga yangu alitoka saa sita na nusu. Wiki ya tatu: "Nisaidie kumalizia ankara hizi mbili tu." Saa saba. Mwisho wa mwezi wa kwanza, stoo inafungwa, mahesabu hayalingani, yeye ndiye anayejua kosa liko wapi. Saa tisa. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa anatoka saa tisa karibu kila siku, sawasawa na mimi nilipokuja kurudi kutwa na saa zangu za kunyonyesha. Tofauti ni kwamba mimi nililipwa 800,000 na yeye 400,000. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa pale, kazi iko pale, na yeye si mtu wa kuinuka mwenzake akiwa amezama kwenye mafaili.

Siku ambayo haupo, haupo. Watapiga simu, ndiyo, lakini simu huwezi kuigeuza kuwa saa tatu za kuingiza stoo.

Nusu siku inafaa kama unakaa karibu kiasi cha kutembea au nauli moja fupi, na kazi yako ina mlango unaofungwa kweli: mwalimu wa zamu ya asubuhi, muuzaji wa duka la dawa anayemkabidhi mwenzake, mpokea wageni. Kazi yenye "malizia hiki kwanza", iogope.

Chapati, au mtaji unavyoliwa

Nilipoacha kazi mara ya kwanza kila mtu alinisifu. "Ujasiriamali ndiyo mpango, mama." Basi: kilo mbili za unga 4,000, mafuta 2,500, mkaa 1,000, chumvi na hiliki 300. Jumla 7,800. Zinatoka chapati 24, ya 500 kila moja, 12,000. Faida 4,200 kwa siku, mara 26 ni 109,200. Kwenye daftari.

Sasa njoo jikoni saa kumi na moja alfajiri. Mtoto ameamka, nakanda kwa mkono mmoja. Chapati ya kwanza imeungua, hiyo ni yetu. Baba watoto anatoka, anakunja mbili na chai. Fundi wa ng'ambo anachukua tatu, "niandikie, mama, Ijumaa." Kwenye zile 24 nimeuza kwa fedha taslimu 18. Hiyo ni 9,000, faida imebaki 1,200 na deni la Ijumaa ambayo haifiki. Pesa nilizitia kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, na mtoto alipopata homa, kopo ndilo lililokwenda hospitali. Kesho yake sikuwa na hela ya unga.

Hapo ndipo mkopo wa kausha damu unapokukuta. Walinipa 200,000 mchana huo huo, bila maswali mengi, na marejesho yakaanza wiki iliyofuata kabla hata jiko halijashika moto sawasawa. Nilikaanga chapati miezi mitatu nikiwakaangia wao. Ukitaka kukopa kwa ajili ya biashara ya nyumbani, anza na hisa zako za vikoba. Na kama mko wanawake watano mnaoaminiana, fuatilia ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri: asilimia 4 ya mapato ya ndani ni ya vikundi vya wanawake, na haina riba. Ila usiihesabu kwenye bajeti ya mwezi huu. Ina vikao vyake.

Na kodi? Biashara ndogo yenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka haidaiwi kodi ya mapato. Inaonekana nyingi mpaka uigawe kwa siku zote za mwaka: ni kama 11,000 kwa siku. Angalia, ni mauzo, si faida. Chapati zangu 24 kwa siku 26 za mwezi zilikuwa zinanipeleka 3,744,000 kwa mwaka. Ukiongeza maandazi tu, umevuka.

Sisemi biashara ya nyumbani ni mbaya. Nasema ina ajira yake nayo, na mtoto wa miezi minne ni mfanyakazi mwenza mgumu. Wanaoiweza ninaowajua walianza wakiwa bado na mshahara. Jirani yangu anauza mitumba ya watoto aliyochagua soko la Karume, anaweka picha kwenye simu Jumapili usiku, wateja wanachukua wenyewe jioni. Hauzi kitu kinachochacha. Tofauti yake na mimi ndiyo hiyo.

Dada analipwa kutoka mshahara wa nani?

Rudi kwenye meza. Umeona nilivyomtoa dada kwenye mshahara wangu? Nilifanya hivyo miaka miwili bila kujiuliza. Baba watoto naye akipiga hesabu alisema, kwa nia njema kabisa, "Sasa mama, ukitoa dada na nauli, si bora ukae tu?" Mshahara wake yeye haukutolewa dada, ingawa naye anaondoka asubuhi na mtoto hamshiki.

Siku nilipomwambia tugawane ile 160,000 ya dada kati kwa kati, alinyamaza, akacheka, akasema sawa. Kilichobaki kwangu kwa kazi ya kutwa kikapanda kutoka 303,600 hadi 383,600, na cha siku tatu kutoka 161,600 hadi 200,600. Hakuna mshahara ulioongezeka. Kama nyumbani kwenu yeye analipa kodi ya nyumba na wewe unalipa dada, hayo ni makubaliano, hewala. Lakini mseme kwa mdomo, isiwe tu kwamba gharama ya mtoto imeangukia pochi ya mama kwa sababu ndiye aliyezaa.

Ukiomba siku pungufu, andika haya

Hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri akupe siku tatu. Ni maelewano, na yanataka karatasi. Kwenye barua taja siku zenyewe kwa majina (Jumatatu, Jumanne, Alhamisi, siyo "siku tatu"), mshahara, na tarehe ya kurudi kutwa. Hiyo tarehe ndiyo roho ya barua. Andika pia kwamba ni mabadiliko ya muda kwenye mkataba uliopo. Ukiletewa mkataba mpya kabisa usaini, soma mara mbili: mkataba mpya unaweza kuanza kuhesabu miaka yako ya kazi kutoka sifuri. Angalia kama bima ya mwajiri inaendelea kwa wewe na mtoto. Na mwezi wa kwanza ukiisha, angalia michango yako NSSF kama imepelekwa. Kwetu mhasibu "alisahau" miezi miwili. Si kwa ubaya, alisema.

Mwajiri akikuachisha kazi kwa sababu ya ujauzito au uzazi, hayo si maelewano tena. Ni kuachishwa isivyo halali, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka lalamiko ndani ya siku 30. Wengi wanakwenda mwezi wa tatu.

Mshahara wako ni huu, basi?

Kwa 800,000 na foleni ya wastani, mimi narudi kutwa, na saa zangu mbili za kunyonyesha, na dada wa kugawana. Siku tatu nazichukua kwa miezi michache kama mtoto ni mgonjwa mgonjwa au kama bado sijapata mtu wa kumwamini. Mtu wa kumwamini akikosekana, hesabu zote hizi kunja weka kando.

Kwa mwenye mshahara wa 400,000 wa kutwa mambo yanageuka. Mkononi ana 352,800. Gharama za kwenda kazini, zile zile zangu, ni 356,400. Anafanya kazi siku 26 na anadaiwa 3,600. Huyu simwambii aache. Namwambia aanze na mfuko: abebe chakula kutoka nyumbani, atembee kutoka kituoni badala ya boda, amwombe bibi wa mtoto aje mpaka mtoto afikishe miezi sita, na dada agawane na baba. Boda ni 52,000 kwa mwezi. Mama ntilie ni 78,000. Nusu ya dada ni 80,000. Tayari ana 206,400 inayobaki, na NSSF yake ya 80,000 inaendelea kuingia. Zote zikishindikana, hapo ndipo nitamfundisha kukanda chapati, na somo la kwanza litakuwa kutomwandikia fundi.